Gego moja, vizibo viwili, na sasa wanataka cha tatu: ni simenti feki au ni mdomo wangu?

BARUA

Daktari, habari za kazi.

Mimi ni dereva wa lori la masafa, umri wangu miaka 46. Nyumbani ni Mbagala lakini maisha yangu yako barabarani, Dar hadi Tunduma, na mara nyingine napitiliza mpaka Lubumbashi. Hii naandika nikiwa kwenye foleni ya mpakani, kwa hiyo nivumilie nikirukaruka.

Gego langu la chini kulia, la pili kutoka mwisho, lilitoboka. Nikaenda kuziba kwenye kliniki moja ya binafsi huko Dar. Wakaweka ile dawa nyeupe inayomulikwa na taa ya bluu. Haikumaliza mwaka. Nilikuwa Chalinze natafuna mahindi ya kuchoma, nikahisi kama changarawe mdomoni, kutema naona nusu ya simenti kiganjani.

Safari iliyofuata nikaziba tena, mji mwingine, njiani. Yule daktari alikuwa peke yake, hana msaidizi. Mate yakinijaa ananiinua, natema kwenye beseni, narudi kulala, anaendelea. Fizi nayo ilikuwa inavuja damu. Katikati ya kazi umeme ukakatika, tukakaa tukisubiri jenereta, mimi nikitazama saa maana lori lilikuwa na mzigo. Akamaliza, nikalipa, nikaondoka.

Hicho cha pili bado kipo, ila kina mambo. Upande wa shavu kuna mstari mweusi kukizunguka. Upande wa jino jirani nyama inanasa kila nikila. Maji baridi yakigusa nashtuka, sekunde chache tu, halafu yanaisha. Juzi nimeonyesha kwingine nikaambiwa jino limeoza chini ya kizibo, kitolewe, lizibwe upya. Jino lile lile!

Utingo wangu anasema wanaongeza maji kwenye simenti ili iwafikishe mbali, ndiyo maana haishiki. Mama mkwe anasema ng'oa, jino bovu halina shukrani. Marehemu baba yangu alizibwa ile ya rangi ya fedha akiwa kijana, akifanya kazi reli, na tumemzika nayo. Kwa nini sisi hatuwekewi hiyo?

Napiga mswaki kila asubuhi. Sina ugonjwa zaidi ya presha, natumia vidonge, kimoja ni kile cha kukojosha, adha tupu kwa mtu wa safari. Sigara sivuti. Usiku nikiendesha nakuwa na chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu pembeni, napiga funda moja moja kutoka Morogoro mpaka Mafinga, macho yasifumbe.

Naomba usinipe maneno ya kunifariji. Niambie kama nimeuziwa simenti feki au tatizo ni mdomo wangu.

Dereva wa Mbagala


JIBU

Kaka dereva, pole na foleni.

Kabla ya simenti, tumalize la haraka. Umesema maji baridi yanakushtua kwa sekunde chache kisha basi. Hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani, kwa sababu kiini cha jino, yaani sehemu laini yenye mishipa na damu, kinaelekea bado ni kizima na kinaweza kuokolewa. Mambo yakibadilika, maumivu yakaanza kudumu dakika nzima baada ya maji kupita, au chai ya moto ikaanza kuliamsha, au likakuamsha lenyewe usingizini, basi kiini kimeanza kufa na mazungumzo yatakuwa ya tiba ya mzizi, yaani kusafisha na kujaza ndani ya mizizi, siyo ya kuziba tena. Na siku ukiona taya limevimba, una homa, mdomo haufunguki vizuri au kumeza ni shida, paki lori nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiseme utafika Dar kwanza.

Sasa swali lako. Kizibo cha kwanza siwezi kukihukumu, hujanieleza kilivyowekwa. Cha pili umenieleza vizuri kuliko faili za wagonjwa wengi, na jibu limo ndani ya maelezo yako: kilianza kushindwa siku ile ile, kwenye beseni, halafu wewe na bakteria wako mkamalizia kazi usiku barabarani.

Kizibo ni nadra kufia katikati. Kinafia ukingoni, pale kinapokutana na jino. Wewe umeshasimama mara nyingi kumtazama fundi akiziba tyubu. Anakwaruza mpira, anaufuta ukauke kabisa, anapaka solusheni, anasubiri, ndipo anabandika kiraka. Ukimwagia maji kidogo kabla hajabandika, kiraka kitaonekana kimekaa, utalipa, na kitabanduka mbele ya safari. Kiraka chenyewe kinaweza kuwa cha kiwanda bora kuliko vyote duniani.

Ile dawa nyeupe inaitwa kompoziti. Ni utomvu uliochanganywa na chembe za kioo, na yenyewe haina uwezo wowote wa kushikana na jino. Kwanza jino linapakwa asidi, mara nyingi ya fosfori yenye nguvu ya asilimia 37, kwa sekunde 15 hivi, ili uso wake ufanye vijishimo visivyoonekana kwa macho. Ujanja huo ulielezwa na Michael Buonocore kule Marekani mwaka 1955, na mpaka leo kazi nzima ya vizibo vyeupe imesimama juu yake. Asidi inaoshwa, uso unakaushwa, inapakwa gundi inayoingia kwenye vile vijishimo, inamulikwa taa ikauke, ndipo kompoziti inawekwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2 hivi, kila moja ikimulikwa.

Tatizo ni mate kufika baada ya asidi na kabla ya gundi. Mate hayana maji peke yake, yana protini, na protini hizo zinatanda juu ya vijishimo mara moja. Damu ni mbaya zaidi. Ikitokea hivyo daktari anatakiwa aoshe, na mara nyingi arudie hatua ya asidi na gundi. Sasa mtu anayeinuka kwenda kutema, akafunga mdomo, akasukutua kwa ulimi (kila mtu hufanya hivyo bila kujijua), akarudi kulala, amelilowesha jino lote upya. Daktari aliye peke yake, hana mtu wa kushika bomba la kunyonya mate, umeme umekatika, mgonjwa anatazama saa. Simlaumu sana yule bwana, mazingira hayo nayajua. Ila kompoziti haina huruma na mazingira.

Lipo jambo moja linalowachanganya hata wanafunzi wetu. Enameli, lile gamba gumu la nje, linapenda kukaushwa vizuri. Dentini iliyo chini yake haipendi. Dentini ina maji ndani yake, kiasi cha sehemu 10 kwa 100 ya uzito, na ina nyuzi za protini zinazoitwa kolajeni. Asidi ikiondoa madini, nyuzi hizo zinabaki zimesimama zikingoja gundi ipenye katikati yao. Ukizikausha mno zinalala chali na gundi haipenyi. Ukiziacha zimelowa mno, gundi inachanganyika na maji, inakauka vibaya na inaacha nyuzi tupu chini. Nyuzi tupu hazikai salama hata bila bakteria, kwa sababu ndani ya dentini yenyewe kuna vimeng'enya (protini zinazovunjavunja vitu) vilivyolala, asidi inaviamsha, navyo vinaanza kuzila taratibu. Maji nayo yanapenya na kuuvunja utomvu miezi ikipita. Ndiyo maana kizibo kinaweza kutoka kliniki kikiwa kigumu kama jiwe, na mwaka wa pili kikaanza kuachia.

Kwako kulikuwa na kikwazo kingine, fizi. Unasema ilivuja damu, na unasema nyama inanasa upande wa jino jirani. Nikiunganisha hayo mawili, nadhani shimo lako limeshuka upande huo mpaka karibu na fizi au chini yake. Hapo ndipo pagumu kuliko pote. Enameli imebaki nyembamba au imekwisha, gundi inategemea dentini peke yake, majimaji ya fizi hayakomi na mswaki haufiki. Na fizi yenye ukoga wa muda mrefu inatoa damu ukiigusa tu. Kuziba mahali kama hapo bila kuituliza fizi kwanza ni kujitafutia kazi ya kurudia.

Tuje kwa bakteria. Kompoziti inapokauka inasinyaa, asilimia 2 au 3 ya ujazo wake, kwa hiyo hata ikiwekwa vizuri inavutana na kuta za shimo. Pale gundi iliposhika vibaya, inaachia uwazi. Bakteria mmoja ana upana wa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo uwazi ambao wewe huuoni ni barabara ya njia nne kwake. Tena ukoga huwa unapenda kushikilia juu ya kompoziti kuliko juu ya ile ya fedha ya marehemu baba.

Mkubwa wa msafara huo ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa mwaka 1924 na daktari J. Kilian Clarke huko London. Sifa yake iliyozoeleka ni kula sukari na kutoa asidi, kisha kuishi humo humo kwenye asidi ambamo wenzake wanashindwa. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, wameonyesha jambo ambalo wagonjwa wengi hawajalisikia, kwamba bakteria huyo ana vimeng'enya vinavyovunja utomvu wa kompoziti na gundi yake pia. Mate yenyewe yana vimeng'enya vya aina hiyo. Kwa hiyo ukingoni mwa kizibo jino linayeyushwa na asidi, na gundi inakatwakatwa, kwa wakati mmoja.

Ndiyo, kizibo cheupe kinaweza kuliwa. Taratibu sana, lakini kinaweza.

Hapo nafika kwa marehemu baba yako. Ile ya fedha ni amalgamu, mchanganyiko wa zebaki na unga wa fedha, bati na shaba. Haibandikwi kwa gundi, inakandamizwa kwenye shimo lililochongwa liishike kwa umbo lake, na haishtuki sana ikikutana na unyevu kidogo. Madini yake yanawasumbua bakteria walio karibu, na kutu yake inajaza uwazi wa ukingoni kadiri miaka inavyokwenda. Watoto wa Lisbon, Ureno, walizibwa baadhi kwa amalgamu na baadhi kwa kompoziti, wakafuatiliwa hadi miaka 7. Matokeo yalipotolewa mwaka 2007, amalgamu zilizokuwa bado nzima zilikuwa karibu 94 katika kila 100, kompoziti karibu 86, na kilichoziangusha zaidi kompoziti kilikuwa kuoza upya pembeni. Baba hakuwa na bahati tu.

Kwa nini basi huwekewi hiyo? Kwa sababu ya zebaki, zaidi kwa ajili ya mazingira kuliko mdomo wako. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliwataka wanachama wapunguze matumizi yake, na mwaka 2022 wakakubaliana isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 15 wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Kliniki nyingi zimeshaiacha. Wewe ni mtu mzima, ukiikuta mahali na daktari anaijua kazi yake, sitakukataza. Na msomaji mwingine aliye nayo mdomoni ikiwa nzima asikimbilie kuitoa.

Sasa usiku wako barabarani. Siku ya kuziba mate ni adui kwa nusu saa. Siku zote zinazobaki ni mlinzi, hakuna dawa ya dukani inayomfikia. Yanasafisha, yanapooza asidi, yanarudisha madini kwenye jino. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, lakini usiku yanapungua sana. Juu ya hapo wewe unatumia kidonge cha kukojosha, na dawa za aina hiyo hukausha mdomo kwa watu wengi. Umekilalamikia kwa sababu ya kusimamisha lori. Mimi nakilalamikia kwa sababu ya gego. Usikiache, presha itakuua kabla ya jino! Mweleze daktari wako wa presha kwamba mdomo unakauka na meno yanaoza, aone kama kuna cha kubadilisha.

Kwenye mdomo huo mkavu unadondoshea funda moja moja la kinywaji chenye sukari na uchachu, kutoka Morogoro mpaka Mafinga. Vinywaji hivyo vina pH ya 3 hivi (pH ni kipimo cha uchachu, ikishuka ndivyo uchachu unavyozidi). Enameli inaanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5, na dentini haistahimili hata hapo, inaanza kupoteza madini ikiwa kwenye 6 na kidogo. Ukinywa kitu kitamu mara moja, mdomo unashuka kwenye uchachu ndani ya dakika chache na unahitaji nusu saa hadi saa nzima kurudi sawa, kama mate yapo. Wewe huupi nafasi ya kurudi. Chupa hiyo hiyo ukiimaliza kwa dakika 10 pale Morogoro kisha ukanywa maji njia nzima, hasara ni ndogo kuliko kuilea mpaka Mafinga. Afadhali zaidi uiache kabisa, na kama macho yanafumba, lala. Hilo la mwisho nakuambia kama mtumiaji wa barabara ile ile, siyo kama daktari wa meno.

Mswaki wa asubuhi hautoshi. Unaouhitaji zaidi ni wa kabla ya kulala, saa yoyote unayolala, hata iwe saa 3 asubuhi ndani ya kabini. Weka mswaki, dawa ya meno na chupa ya maji kwenye droo ya lori. Dawa iwe na floraidi, sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, imeandikwa kwenye boksi. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji, iache floraidi ikae. Mswaki wa mti si mbaya, unasugua vizuri, ila hauna floraidi na haufiki pale nyama inaponasa. Pale panataka uzi wa meno au vile vibrashi vidogo vya katikati ya meno. Njiti ya kiberiti hapana.

Utingo wako nisimdharau, kuna ukweli nusu katika maneno yake. Kompoziti haichanganywi na maji, inatoka kwenye bomba ikiwa tayari, kwa hiyo kwako hilo halikutokea. Ila ipo aina nyingine ya kizibo ambayo ni unga na majimaji vinavyochanganywa kwa mkono, na mtu akiifanya nyepesi mno inakuwa dhaifu kweli. Kompoziti ina mambo yake mengine. Zipo ambazo muda wake umekwisha. Nyingi zinaandikwa zisihifadhiwe kwenye joto la kupita nyuzi 25, na sote tunaijua Februari ya Dar kwenye chumba kisicho na kiyoyozi. Gundi ikiachwa wazi kimiminika chake kinaruka hewani. Na taa ya bluu iliyochoka inawaka vizuri machoni lakini haikaushi mpaka chini, na kompoziti isiyokauka vizuri inafyonza maji zaidi na inaharibika mapema. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba hukuuziwa kitu kibovu. Nasema tu kwamba hata ingekuwa bora kuliko zote, ile ya pili isingepona kwa jinsi ilivyowekwa.

Sasa cha kufanya. Usizibwe ukiwa na mzigo nje. Tenga siku ukiwa Dar bila safari, uende kliniki au hospitali yenye eksirei ya meno, upigwe picha ya jino hilo. Picha itaonyesha kama limeoza chini ya kizibo na shimo liko mbali kiasi gani na kiini. Nasisitiza picha kwa sababu mstari mweusi peke yake si ushahidi. Chai na kahawa hutia rangi ukingo wa kizibo kizima kabisa, na kila kizibo kinapotolewa jino nalo linachongwa kidogo, shimo linakuwa kubwa kuliko mwanzo. Kwako nadhani aliyekuambia limeoza yuko sahihi, kwa ajili ya ile nyama inayonasa na ule mshtuko wa maji baridi. Lakini aone, asikisie.

Likithibitika, omba fizi isafishwe kwanza. Uozo utolewe, shimo lifunikwe kwa muda, uende nyumbani upige mswaki na uzi kwa wiki moja au mbili mpaka fizi iache kutoa damu. Ndipo urudi kuziba moja kwa moja. Wagonjwa wengi wanaona hiyo ni njama ya kuwalipisha mara mbili. Siyo.

Na kabla hujafungua mdomo uliza hivi: "Daktari, utalikaushaje?" Kuuliza si utovu wa adabu. Jibu bora kuliko yote ni kipande cha mpira mwembamba kinachotobolewa na kuvishwa jino, likabaki limechomoza peke yake, mate yote upande wa pili. Kimekuwepo tangu 1864, alipokianzisha Sanford Barnum huko New York, na bado huku kwetu utakikuta kliniki chache. Jibu la pili ni msaidizi mwenye bomba la kunyonya na pamba zinazobadilishwa kila zinapolowa. Ukiambiwa utakuwa unainuka kutema, shukuru uondoke, au ukubali aina nyingine ya kizibo.

Aina hiyo ni glasi-ayonoma, ule unga na majimaji niliotaja. Iligunduliwa London na Alan Wilson na Brian Kent, ikatangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inashikana na madini ya jino yenyewe bila kuhitaji gundi, inavumilia unyevu kidogo, na inatoa floraidi pale pale ukingoni ambapo bakteria wanashambulia. Udhaifu wake ni kwamba si ngumu, inalika na kuvunjika upesi kwenye gego linalosaga, hasa shimo likiwa limekula ubavu wa jino. Saa 24 za kwanza inataka kulindwa isilowe wala isikauke mno, ndiyo maana daktari anaipaka vaselini au vanishi juu.

Hapa naomba nijivunie kidogo. Mbinu ya kuziba kwa glasi-ayonoma bila umeme, bila mashine ya kuchonga, kwa vifaa vya mkono peke yake, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa kazi ya Mholanzi Jo Frencken na wenzake, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe dunia nzima. Siku ile umeme ulipokatika, yule daktari wako angeweza kuitumia. Ungekaa na kizibo dhaifu kidogo lakini kilichoshika, badala ya kigumu kisichoshika.

Kwa gego lako, kama shimo limefika kwenye fizi kama ninavyodhani, ningependa tabaka mbili: glasi-ayonoma chini kwenye ukingo wa fizi ambako ni pagumu kukausha, kompoziti juu ambako unasaga mahindi. Likionekana limebaki kuta nyembamba, daktari atakushauri kulivika kofia, yaani gamba gumu linalofunika jino lote. Ni ghali, lakini linganisha na bei ya vizibo viwili ulivyokwisha kulipa na hiki kinachokuja.

Mama mkwe nimemwacha wa mwisho kwa heshima yake. Kung'oa ni halali pale ambapo jino limepasuka mpaka mzizini, au kiini kimekufa na tiba ya mzizi haiwezekani au huimudu, au kuta zimekwisha hakuna cha kushikia. Kwa ulivyonieleza hujafika huko. Ukiling'oa leo, la nyuma yake litaanza kulalia pengo, la juu litashuka, chakula kitanasa mahali papya, na mdomo uleule mkavu wenye chupa ileile utahamia kwa jirani. Hiyo nyama inayonasa inaonyesha jirani huyo naye anatakiwa atazamwe. Mwambie anayekupiga picha amchukue na yeye kwenye filamu hiyo hiyo, bei ni moja.